Mlezi, Mega na Ramani ya Bibokoboko: Mafunzo Niliyopata Nikiwalea Wanafunzi wa Programu Huria

Wanafunzi ninaowalea hukutana Baraka, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika wilayani Fizi, Kivu Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Baadhi yao ni wenyeji wa mji. Wengine wameshuka kutoka Bibokoboko, juu milimani katika sekta ya Mutambala, na wanakaa kwa jamaa zao kwa sababu kule hakujatulia. Tunajifunza kuchangia programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi na mtu yeyote ana ruhusa ya kuusoma, kuutumia na kuurekebisha.

Mimi nimekulia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 upande wa Kasulu, Tanzania, kuwapokea watu waliovuka ziwa kutoka huku kwetu. Nilipomaliza shule nikaenda Kampala, na huko ndiko nilikoijua OpenMRS, programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa ambayo ilianzishwa mwaka 2004 na kuota mizizi mapema Eldoret, Kenya. Walezi niliowapata katika kazi hiyo walikuwa wavumilivu, na ninachokifanya Baraka ni kulipa deni lao kwa watu wengine.

Mipango ya kuwalea wanafunzi katika kazi hii si migeni. Google Summer of Code ilianza mwaka 2005: mradi unamchagua mshiriki, unampa mlezi, naye anafanya kazi msimu mzima akiwa kwao na kupewa posho. OpenMRS ilijiunga mwaka 2007. Outreachy ina asili yake katika mradi wa GNOME mwaka 2006. Ilianza kwa ajili ya wanawake na leo inawapokea watu wa makundi yanayobaguliwa au kuachwa nyuma katika teknolojia. YouthMappers ikaja mwaka 2015, ikiunganisha matawi ya wanafunzi wa vyuo wanaochora ramani huria. Naiheshimu mipango yote hii. Lakini imepangwa zaidi na watu ambao umeme wao haukatiki, na mimi nashikilia kwamba mpango wa malezi upimwe kwa mwanafunzi aliye mbali kuliko wote na mtandao. Ukimfaa kijana wa Bibokoboko, wa Nairobi hautamshinda.

1. Mpe mwanafunzi kazi anayoijua kuliko wewe

Desturi ya miradi mingi ni kumwanzisha mgeni kwa kijitiketi chepesi: sahihisha tahajia hapa, badilisha rangi ya kitufe pale. Ni njia nzuri ya kumfundisha hatua za kutuma mchango. Tatizo ni kwamba kazi hiyo haina kitu chake ndani. Anaifanya, anashukuriwa, kesho hajui kwa nini arudi.

Sisi tulianza na OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo huchorwa na watu wa kujitolea. Mwaka 2014 Madaktari Wasio na Mipaka, Msalaba Mwekundu wa Uingereza na wa Marekani, pamoja na kikundi cha HOT (Humanitarian OpenStreetMap Team), walianzisha Missing Maps ili sehemu ambazo hazipo kwenye ramani zichorwe kabla ya janga kufika. Huku kwetu faida yake haihitaji hotuba. Kipindupindu ni mgeni wa kila mara katika mwambao huu, kuanzia Uvira hadi Baraka na kushuka Kalemie. Mgonjwa akifika kituoni akataja jina la mtaa, na mtaa huo haupo kwenye ramani ya mtu yeyote, wanaotia klorini kwenye visima hawajui waanzie wapi.

Mmoja wa vijana wa Bibokoboko alifungua JOSM, programu ya kuchorea ramani, kwenye laptopu ya mtumba tunayoitumia kwa zamu. Akasogeza picha ya setilaiti mpaka akafika kwao. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akaniita: "Yaya," kama wanavyomwita mkubwa wao, "haya mapaa hayapo."

Picha ile ilikuwa imepigwa kabla ya Oktoba 2021, mwezi ambao vijiji vya Bibokoboko vilishambuliwa, nyumba zikachomwa na watu wakakimbia. Mtu wa kujitolea, nchi ya mbali, alikuwa ameketi na kuchora kila paa kwa uangalifu, pembe nne nne, na kuliandika kuwa ni jengo. Kwa picha aliyopewa, alisema kweli. Kijana wangu alijua nyumba hizo moja moja: hii ya mjomba, hii palikuwa na kinu cha kusaga, hii mwenyewe yuko sasa mtaa wa pili hapa Baraka.

Nilimwonyesha kwamba OpenStreetMap ina namna ya kuandika jengo lililobomolewa bila kulifuta: neno moja la kutangulia linawekwa mbele ya alama ya jengo, na ramani za kawaida huacha kulionyesha kama nyumba iliyosimama. Akaanza kurekebisha, paa moja baada ya jingine, na kila alipotuma aliandika maelezo mafupi kwamba yeye ni mwenyeji na anasema alichokiona. Kisha akamwandikia yule mchoraji wa mbali. Hakumlaumu, alimweleza. Jibu likaja la shukrani, na ndani yake kulikuwa na maswali: je, shule bado ipo? Na kile kituo cha afya? Njia hii inapitika kwa gari au kwa miguu tu?

Tangu siku hiyo kijana huyu hakuwa tena mtu wa kufundishwa tu. Watu waliomzidi elimu na vifaa walikuwa wanamuuliza yeye. Na hapo ndipo msimbo ulipoingia, kwa njia yake wenyewe. Kwa kuwa kwenye JOSM majengo yaliyobomolewa hayakutofautiana vya kutosha na mazima machoni pake, alitaka yawe na rangi yake. Mitindo ya rangi ya JOSM huandikwa kwa lugha ndogo iitwayo MapCSS. Alijifunza lugha hiyo kwa ajili ya mistari michache aliyoihitaji, akaiandika, akaona kijiji chao kimegeuka rangi kwenye skrini. Sikuwa nimempangia somo hilo. Kama ningempangia, ningeanza na zoezi la duka la kubuni, maana ndivyo vitabu vinavyofundisha, na asingekumbuka hata neno.

2. Jibu lina muda wake, na mega zina mwisho

Swali langu la kwanza kwa watu wa OpenMRS lilijibiwa siku ile ile. Aliyenijibu alikuwa mtengenezaji wa Kiganda mwenye kazi nyingi kuliko zangu, na jibu lake lilikuwa fupi. Nilibaki katika mradi ule kwa sababu ya jibu lile. Nimewaona wengine, katika miradi mingine, wakitoweka kwa sababu walisubiri wiki mbili. Hawakugomba na mtu. Walinyamaza, na mlezi akadhani wamekosa bidii.

Aliyeko kwenye intaneti ya kudumu haoni uzito wa jambo hili. Mwanafunzi wa Baraka hununua mega, yaani data ya intaneti, kwa faranga zake, mara nyingi kifurushi cha siku moja. Anauliza swali asubuhi akiwa na mega; jibu likichelewa siku tatu, linakuta simu isiyo na kitu. Akipata tena pesa ya kifurushi, mradi umesogea, ameshasahau alikuwa amefika wapi, na aibu imeanza kumshika.

Kwa hiyo tuna sharti: swali hujibiwa ndani ya siku moja, hata kama jibu ni "nimeliona, Alhamisi nitakujibu vizuri." Mlezi akisafiri, awepo wa kumshikia nafasi. Miradi mingi ya Google Summer of Code humpa mwanafunzi walezi wawili kwa sababu hiyo hiyo, nami naona busara yake.

Tena jibu liwe jibu. Mlezi anapotuma viunganishi sita na kusema "soma hapa", kila kiunganishi kinakula mega, na kimoja kati yake ni video. Nakili aya inayohusika uibandike. Ujumbe wa kosa utumwe kama maandishi; picha ya skrini ni nzito na haiwezi kutafutwa baadaye. Na unapokagua kazi ya mwanafunzi ukaona mambo ishirini ya kurekebisha, anza na lile moja ambalo lisiporekebishwa kazi haifai. Mengine yatasubiri. Mtu aliyelipia dakika zake za kusoma maoni yako anastahili kujua lipi ni kubwa.

3. Fanya kazi iwezekane bila mtandao

Huenda hili ndilo somo ninalolipigania zaidi, kwa sababu vifaa vyake vipo tayari na watu hawavitumii.

Git, chombo ambacho karibu miradi yote hutumia kutunza mabadiliko ya msimbo, kilitengenezwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa namna ambayo kila mtu ana historia nzima ya mradi kwenye mashine yake. Maana yake mwanafunzi anaweza kufanya kazi juma zima bila hata alama moja ya mtandao, akahifadhi kila hatua kwa maelezo yake, kisha akatuma zote kwa mara moja. Mwanafunzi anaporudi kwao Bibokoboko, akitaka kupiga simu kuna mahali hupanda mlimani kutafuta netiweki. Si mahali pa kukaa na laptopu mchana kutwa. Ila ni mahali pa kutosha kutuma kazi ya juma zima.

Hata hapo pakishindikana, kuna njia ya pili. Amri ya git bundle hukusanya mabadiliko yote katika faili moja. Faili hilo linaingia kwenye flashi, flashi inaingia mfukoni mwa mtu wa pikipiki anayeshuka Baraka siku barabara inapopitika, nami naituma kazi hiyo kutoka mjini kwa jina la mwanafunzi mwenyewe. Mradi unapokea mchango wake sawasawa na wa mtu aliye Berlin. Jina ni lake, tarehe aliyoandika msimbo ni ileile ya siku alipouandika kule juu, na historia haionyeshi popote kwamba kazi ilisafiri kwa pikipiki.

Kwa miradi mikubwa kizuizi huwa si msimbo wenyewe. Ni maktaba unazozihitaji. Ukitaka kuijenga OpenMRS kwa mara ya kwanza, Maven, chombo cha kuijengea, hushusha mafaili mengi mno, na mwanafunzi atakayejaribu kwa mega za siku moja ataishia njiani. Dawa yake ni rahisi. Mmoja wetu hushusha mara moja, mahali penye intaneti nzuri, kisha folda ya .m2 inanakiliwa kutoka laptopu hadi laptopu kwa flashi. Anayeanza leo anajenga mradi jioni hiyo hiyo. Miongozo tunaiweka kwenye Kiwix, inasomeka bila mtandao. Asiye na laptopu hutumia programu ya Termux kwenye simu yake, na nimeona msimbo mzuri ukiandikwa kwenye skrini iliyopasuka. Ramani nazo tunazichapa kwenye karatasi, tunatembea nazo kwa kalamu, kisha tunarudi kuziingiza.

Waandaaji wa mipango huweka mkutano wa video wa kila wiki kuwa wa lazima. Naelewa nia yao; wanataka kuuona uso wa mwanafunzi. Lakini saa moja ya video inaweza kumaliza pesa ya mega ya wiki nzima. Ripoti ya maandishi ya aya tatu, yaani nilichofanya, kilichonikwamisha na kinachofuata, humwambia mlezi mengi kuliko uso unaoganda ganda. Nimewaomba walezi wa mbali waikubali badala ya video, na kila aliyeombwa alikubali. Walikuwa hawajaambiwa tu.

4. Andika saa kwa tarakimu

Kivu Kusini iko saa mbili mbele ya saa ya dunia ya UTC. Kinshasa, nchi hiyo hiyo, iko saa moja mbele. Kigoma ng'ambo ya ziwa na Kampala ni saa tatu. Ukiongeza na hesabu yetu ya saa ya Kiswahili, ambapo saa tatu ni asubuhi watu wakinywa chai, mkutano unampita mtu mwenye bidii zote. Sisi huandika 16:00, saa ya Baraka, na tunaweka tarehe. Basi.

5. Kuna vitu visivyowekwa kwenye ramani

Programu huria hufundisha uwazi, na vijana huupenda uwazi huo kwa moyo wote. Ni wajibu wa mlezi kuwaambia kwamba ramani iliyo wazi kwa muuguzi iko wazi pia kwa mwenye bunduki.

Tulikaa tukazungumza kabla ya kuchora zaidi. Visima, chemchemi, vituo vya afya, shule, masoko, barabara kuu: hivi vinajulikana na kila mtu, na kuvichora kunaokoa watu. Mahali ambapo familia zilizokimbia zimejihifadhi, vijia vinavyotumika kutorokea usiku, na majina ya wenye nyumba havichorwi. Si kwa sababu mradi umekataza kila kimoja, bali kwa sababu OpenStreetMap huhifadhi historia ya kila badiliko. Ukituma kitu leo ukakifuta kesho, kilichotumwa bado kinaweza kuonekana na anayejua pa kutazama. Ndiyo maana kabla ya kutuma eneo jipya, vijana huenda kwanza kuwauliza wazee wa eneo hilo. Hilo huchelewesha kazi, na mimi sina haraka nalo.

Majina nayo yana moto wake. Meza yetu inakaliwa na vijana wa jamii mbalimbali za Fizi, na jina la kilima au la kijiji linaweza kuamsha mambo ambayo wazazi wao hawajayamaliza. Hata Bibokoboko yenyewe, kwenye hati nyingine utaikuta imeandikwa Bibogobogo. Ramani huria ina nafasi ya jina kuu na nafasi ya majina mengine, na kanuni yake ya msingi ni kufuata kile ambacho watu wa mahali hapo wanakitumia. Niliwaachia vijana wenyewe wajadiliane juu ya kila jina lililobishaniwa, kwa sharti kwamba hakuna jina linaloondolewa ili jingine likae peke yake. Walibishana sana. Mara moja mjadala ulisimama kabisa, wawili wakatoka nje, wakarudi baadaye na karatasi waliyoiandika pamoja. Hilo lisingewezekana kama mlezi wa nje ndiye angeamua, hata awe na nia njema kiasi gani. Anayelea kutoka mbali na aulize kabla ya kukagua.

6. Swali liulizwe kwanza kwa Kiswahili

Vijana wetu wamesoma sekondari kwa Kifaransa. Nyumbani ni Kiswahili, na kwa wengi kuna lugha ya kwao juu yake. Miradi inaandika kwa Kiingereza. Mwanafunzi anapokwama, anakuwa na kazi mbili: kuelewa kosa la mashine, na kulieleza kwa lugha ambayo hajaishi ndani yake. Mara nyingi ya pili ndiyo humshinda, mlezi akadhani ni ile ya kwanza.

Tunachofanya ni hiki. Swali linaandikwa kwa Kiswahili, lote: nilitaka nini, nilifanya nini, nini kilitokea. Linasomwa mezani kwa sauti. Nusu ya maswali hujibiwa hapo hapo, kwa sababu mwulizaji anapolisikia swali lake likipangika vizuri huona mwenyewe pa kushika. Yaliyobaki tunayahamisha kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi fupi, na kuyatuma.

Maoni ya wakaguzi nayo tunayasoma pamoja. Mkaguzi anaweza kuandika maneno mawili makavu na asiwe na ubaya wowote moyoni. Ndivyo wanavyoandikiana wenyewe. Kwa kijana aliyelelewa katika heshima, ambaye hawezi kumwendea mkubwa bila salamu, maneno hayo mawili ni kukaripiwa. Binti mmoja aliacha mchango wake bila kuugusa kwa juma zima akiamini amemuudhi mtu. Tulipomsomea maoni yale kwa Kiswahili cha kawaida, "hapa huhitaji mstari huu, uondoe tu", alicheka, akauondoa, na mchango ukapokewa kesho yake. Ninawaomba walezi wa mbali waanze na salamu na jina la mtu. Haigharimu kitu.

7. Nenda nyumbani kwa mwanafunzi

Outreachy humtaka mshiriki kazi ya saa 30 kwa juma, kwa miezi mitatu. Kwenye karatasi saa hizo zinaonekana chache. Kwa binti wa Baraka anayechota maji, anayepika, anayewalea wadogo zake na kumsaidia mama sokoni, saa 30 lazima zitoke kwa mtu mwingine ndani ya nyumba ile. Na huyo mtu hajaulizwa.

Kwa hiyo siku hizi huwa naenda. Ninaketi na papa na mama, ninakunywa nilichopewa, ndipo tunazungumza. Maswali yao ni mazuri kuliko ya waandaaji wengi. Nani analipa? Watu hao wako wapi, na wana sura gani? Kwa nini mtu atoe pesa kwa kazi ambayo matunda yake yanagawiwa bure? Mtoto wetu atachukuliwa apelekwe kwao? Baba mmoja alitaka kuuona ushahidi. Binti yake akafungua ramani, akamwonyesha barabara ya mtaa wao, akabonyeza historia yake, na jina alilojiandikishia likatokea pale, na tarehe. Mzee alisogeza simu karibu na macho, akalisoma tena, akamwita mkewe aje aone. Baada ya hapo ni yeye aliyepanga kwamba maji ya asubuhi yatachotwa na kaka zake.

Mlezi aliyeko ng'ambo hawezi kufika nyumbani. Lakini anaweza kuandika barua moja kwa wazazi, kwa heshima, aeleze kazi ni nini na inaisha lini. Sisi tutaitafsiri. Nimeona barua kama hiyo ikitunzwa kabatini pamoja na vyeti vya shule.

8. Posho ina makaratasi yake, na wengi hawatachaguliwa

Pesa zina maana kubwa hapa na sitajifanya hazina. Posho ya Outreachy ni dola 7,000 za Marekani. Ya Google Summer of Code hupangwa kufuata gharama za maisha za nchi ya mshiriki. Tangu 2022 mpango huo wa Google haudai tena mtu awe mwanafunzi wa chuo, unadai awe na miaka 18 au zaidi, na awe mwanafunzi au mgeni katika programu huria, na mabadiliko hayo yamewafungulia mlango vijana ambao vita vimekata masomo yao.

Lakini makaratasi huanza mapema, miezi kabla ya maombi. Kwa Wakongo wengi kitambulisho ni kadi ya mpiga kura. Majina yetu ni matatu, jina, jina la pili na lile la ubatizo, na fomu za kigeni zina visanduku viwili. Mwanafunzi akijaza kwa mpangilio mmoja kwenye fomu, mwingine kwenye akaunti ya malipo na wa tatu ukawa kwenye kadi, pesa hukwama. Tunaamua mpangilio mmoja siku ya kwanza, tunauandika kwenye daftari, na unatumika kila mahali. Njia ya kupokelea nayo isiwe moja. Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, benki za mji huo zilifungwa, na waliokuwa wakizitegemea walibaki na pesa wasizoweza kuzigusa.

Na wengi hawatachaguliwa. Ninawaambia wazi, kabla hawajaomba, kwa sababu kijana aliyeahidiwa dola akakosa hupoteza na kile alichokuwa nacho. Mipango yenyewe hufa: Google Code-in, iliyokuwa ya watoto wa miaka 13 hadi 17, ilianza 2010 na toleo lake la mwisho lilikuwa la 2019. YouthMappers ilizaliwa kwa msaada wa USAID, shirika la misaada la Marekani, nalo likavunjwa mwaka 2025. Kikundi kinachoishi kwa ajili ya mpango mmoja hufa nao.

Kwetu, anayekosa nafasi ana kazi inayomsubiri siku hiyo hiyo. Kwenye ubao wa kazi wa HOT, eneo hugawanywa viraba. Mmoja huchora, mwingine mwenye uzoefu hukagua. Vijana wetu waliokosa mwaka jana ndio wakaguzi wa viraba vya Fizi leo. Wanaandika maoni yao kwa Kifaransa na Kiswahili, wanaanza kwa salamu, na wanajibu ndani ya siku moja. Yule wa Bibokoboko ndiye anayeshughulikia milima ya Mutambala. Ameweka mtindo wake wa rangi mahali ambapo wengine wanaweza kuushusha, na hivi sasa ana wanafunzi wake mwenyewe wawili, mmoja wao Mtanzania wa Kigoma ambaye bado hajaonana naye. Ameshaniomba nimwonyeshe jinsi ya kuandika barua kwa wazazi wa mwanafunzi huyo.